Sukari ya risasi ni tamu kweli?

Ndugu, umeuliza kama asetati ya risasi, ile chumvi ya madini ya risasi iitwayo sukari ya risasi, ni tamu kweli na ina kazi gani. Ni tamu (tafadhali usiijaribu kwa ulimi), na hatari yake ipo hapohapo, kwa kuwa chembe zake nyeupe huyeyuka upesi katika maji wala hazina uchungu wa kumtahadharisha mtu. Warumi walipochemsha maji ya zabibu katika vyungu vya risasi, sharubati yao ilibeba sumu hiyohiyo. Maabarani, karatasi iliyolowekwa katika maji yenye asetati hiyo hugeuka nyeusi ikikutana na gesi inayonuka kama yai viza, kwa sababu risasi hushikana na salfa. Baadhi ya rangi za kufichia mvi zilitegemea badiliko hilohilo nyweleni, hadi Marekani ilipotangaza mwaka 2018 kufuta kibali cha kutumia asetati hiyo katika rangi za nywele.