Maswali ya Wasomaji: Nishani ya Mpiga Debe

SWALI: Mhariri, jirani yangu hapa Kakamega alimpigia debe mwanasiasa mmoja katika uchaguzi wa mwaka 2022, akawa kutwa kucha juu ya gari la vipaza sauti. Baadaye alitunukiwa nishani ya kitaifa ya OGW, na sasa ameteuliwa mwanachama wa bodi ya shirika moja la umma ambalo kazi yake haijui. Mkunga aliyewazalisha wake zetu kwa zaidi ya miaka thelathini alistaafu bila hata cheti cha shukrani. Sheria inasemaje, na je, raia wa kawaida ana pa kulalamikia? — Msomaji, Kakamega

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, nami nakuomba tuyatenganishe, kwa sababu moja linaudhi tu na jingine linakugharimu.

Tuanze na linaloudhi. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Kenya kinampa Rais uwezo wa kutunuku nishani kwa jina la wananchi na la Jamhuri, na Sheria ya Nishani za Kitaifa ya mwaka 2013 inaeleza sifa za anayestahili: ushujaa, uzalendo, kujitolea, au mchango wa kipekee katika nyanja kama uchumi, elimu, michezo na sanaa. Sifa hizo ni pana kiasi kwamba mtu yeyote mwenye rafiki Ikulu anaweza kuingizwa humo. Tena baadhi ya nishani za juu hufuata cheo, ndiyo maana waziri hakai muda mrefu kabla ya kuongeza herufi EGH baada ya jina lake. Mazoea haya ya herufi tuliyarithi kwa Waingereza, waliowatunuku machifu watiifu nishani zao wakati wa ukoloni, na kwao pia hayakuwa safi: chini ya Waziri Mkuu Lloyd George vyeo vya heshima viliuzwa waziwazi, hadi Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1925 ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai.

Hata anayestahili kweli hutegemea upepo. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na mpanda miti, aliizuia serikali kujenga jumba la ghorofa sitini katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, akatukanwa bungeni, na mwaka 1992 akapigwa na polisi mpaka akapoteza fahamu. Nishani ya EBS aliipata mwaka 2003, utawala ulipokwisha kubadilika na yeye mwenyewe akiwa waziri msaidizi. Miti ilikuwa ile ile. Kwa hiyo jirani yako na OGW yake mwache aichapishe kwenye kadi za mwaliko na katika ratiba za mazishi, maana nishani hiyo haimlipi mshahara.

Kiti cha bodi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hapo pana marupurupu ya vikao, safari, na sauti katika kuamua nani ataajiriwa na zabuni itaelekea wapi. Chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, mwenyekiti huteuliwa na Rais, na wanachama wengine wa kuteuliwa, wasiozidi saba, huteuliwa na waziri. Ukifungua Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa, utaona kwamba uteuzi wa aina hii huchukua sentensi moja tu: kifungu cha sheria, jina, shirika, kipindi cha kuhudumu. Mara nyingi chini yake huwa na sentensi fupi zaidi, kwamba uteuzi wa fulani umebatilishwa. Huyo fulani naye alimpigia mtu debe, ila mtu wake ameishiwa nguvu. Haielezwi kokote katika tangazo hilo kwa nini mmoja ameingia na mwenzake ametoka, na kimya hicho ndicho ninachokilaumu zaidi kuliko nishani zote zinazotangazwa Desemba.

Hata hivyo uwezo huo una mipaka. Kifungu cha 73 cha Katiba kinataka viongozi wachaguliwe kwa uadilifu, uwezo na ufaafu wao, na cha 232 kinataka ushindani wa haki na ustahili katika utumishi wa umma. Mahakama Kuu imevitumia vifungu vya uadilifu bila haya: mwaka 2014 ilibatilisha uteuzi wa mwenyekiti wa Bodi ya Huduma za Maji ya Athi kwa sababu waliomteua hawakuyapima ipasavyo masuala ya uadilifu wake. Kisa unachokikumbuka bila shaka ni cha mawaziri wasaidizi, wale CAS. Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza nafasi 23, Rais akateua watu 50, wengi wao wanasiasa walioanguka katika uchaguzi. Tarehe 3 Julai 2023 jopo la majaji watatu likasema uteuzi huo ulikiuka Katiba. Waliofungua kesi za namna hii mara nyingi ni raia na mashirika ya kiraia, kwa sababu Kifungu cha 258 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani Katiba inapovunjwa.

Lakini usikimbilie wakili kabla ya kuandika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuliuliza shirika hilo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nafasi ilitangazwa wapi, ni sifa gani zilizohitajika na ni wangapi waliozingatiwa. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), na hifadhi nakala yenye muhuri wa mapokezi, kwani ukifika mahakamani karatasi hiyo itakufaa kuliko hasira.

Kuhusu mkunga wenu, msingoje mwanasiasa amkumbuke; mpendekezeni wenyewe apewe nishani. Andikeni wasifu wake katika ukurasa mmoja: zahanati alizohudumu, miaka, na majina ya kina mama walio tayari kutia sahihi. Chifu aweke muhuri, kisha mzipeleke karatasi hizo kwa kamishna wa kaunti miezi kadhaa kabla ya Sikukuu ya Jamhuri.