Hesabu vijimkia nyuma ya ua

Ndugu, hilo ua la rangi ya waridi ulilokuta kwenye nyasi za Kitulo, kule Makete, huenda kweli ni okidi. Rangi isikudanganye, liinamishe taratibu bila kulichuma, uangalie nyuma. Ukiona vijimkia viwili vinaning'inia sambamba, hiyo ni Satyrium, mojawapo ya makundi ya okidi. Kijimkia kimoja kinachotoka kwenye kikofia cha juu? Mimi ningesema Disa, kundi jingine la okidi. Habenaria nayo ina kimoja, ila huanzia chini, na ua lake huwa la kijani au jeupe, mdomo (petali yake ya chini) umechanika kama vidole vitatu.

Piga picha za mbele, ubavuni na majani. Kiazi usichimbe, tafadhali! Wachimbaji wa chikanda, chakula cha Zambia kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi, wameshavimaliza vya kutosha.