Nairobi hadi Dallas: usilipie tiketi mbili

Usilipie hizo tiketi. Umeuliza kilomita, saa za safari na mwezi ambao nauli hushuka, kisha ukataja juu juu tu kwamba utashuka New York, uwanja wa JFK, kwa tiketi moja na kupanda ndege ya Dallas pale LaGuardia, uwanja mwingine wa jiji hilo hilo, kwa tiketi nyingine, saa mbili na nusu baadaye. Hapo ndipo pesa zangu zilipozama.

Umbali hauna mjadala: JKIA, uwanja wetu wa Nairobi, hadi JFK ni kilomita zipatazo 11,800, na New York hadi Dallas ni nyingine 2,200 na ushei. Kikokotoo kilichokupa saa 13 kimegawanya kilomita kwa kasi tu; ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15, kwa sababu inapoelekea magharibi hupambana na upepo wa juu, ule ule unaoisukuma wakati wa kurudi.

Shida yako haiko angani, iko ardhini. Ukiingia Marekani, unapita uhamiaji na kuchukua masanduku yako katika uwanja wa kwanza unaotua, hata kama unaendelea mbele. Mwenye tiketi moja huyakabidhi tena akishatoka forodha. Wewe utayaburura hadi uwanja mwingine, ambako kaunta huacha kupokea mizigo dakika 40 au 45 kabla ya ndege kuondoka. Mimi nilikwama kwenye foleni ya uhamiaji, nikalingoja sanduku langu lililozungushwa nailoni mpaka wenzangu wote wakaondoka, na afisa wa forodha naye akataka kuiona omena, ambayo kwa haki ilikuwa nyingi. Nilipofika LaGuardia, dada wa kaunta alitazama skrini akanieleza kwa upole kwamba nimeandikwa kuwa sikutokea, na kwamba kuchelewa kwangu kutoka Nairobi hakuwahusu. Nikanunua kiti kipya kwa bei ya siku hiyo hiyo. Kumbe kwa kukosa safari ya kwenda, hata ile ya kurudi kutoka Dallas, niliyokwisha kuilipia, ilikuwa imefutwa!

Aliyenipangia hayo ni wakala wa hapa mjini, mwenye picha za ndege ukuta mzima, na ambaye sidhani kama mwenyewe amewahi kusafiri kupita Mlolongo, hapo tu nje ya Nairobi. Aliniapia kwamba muda ungetosha na kubaki. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Labda naye alikuwa angani.

Nunua tiketi moja, yenye nambari moja ya kuhifadhi nafasi, kutoka JKIA hadi Dallas, hata ikizidi kwa maelfu kadhaa. Kabla ya kulipa, mwulize anayekuuzia ni nani atakayekupa kiti kingine ukichelewa New York. Akianza kukusimulia miaka yake katika biashara hii, rudisha simu mfukoni na usitume M-Pesa.