Ukuta unatoa jasho: usivunje tena

Mkuu, umesema stoo yako ya Kirumba, hapa Mwanza, imepakana na chumba baridi cha samaki cha jirani, ukuta unachuruzika, rangi inabanduka, na fundi bomba keshavunja mara mbili bila kuona panapovuja. Hataona. Mimi nilivunjiwa mara tatu, na zote nililipa.

Leo jioni ukaushe ukuta kwa kitambaa, ubandike kipande cha nailoni, solotepu pande zote nne. Asubuhi ukikuta matone juu ya nailoni, upande wako, hayo yametoka hewani. Yakiwa nyuma yake, basi ukuta wenyewe umelowa, mrudishe fundi.

Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo huku ziwani si ya ajabu, ikigusa kitu chenye nyuzi chini ya 22 inaacha maji. Ukuta wa chumba baridi uko chini ya hapo usiku na mchana.

Sasa waliokushauri hapo juu ufungue madirisha, samahani wadau, huo ushauri ni wa Ulaya. Kule majira ya baridi hewa ya nje ina maji kidogo, ikiingia inakausha. Huku mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, umebeba unyevu. Nilifungua madirisha wiki nzima, magunia ya sukari yakaganda kama mawe. Funga, na ziba nafasi iliyo chini ya mlango.

Dawa yenyewe ni kuuzuia ubaridi usifike kwenye hewa yako. Mara ya kwanza nilibandika yale mabamba meupe mepesi, ya aina ya maboksi ya samaki, nikaacha nyufa katikati. Hewa ikapenya nyuma, nilipoyabandua kulikuwa na ukungu mweusi tupu. Mara ya pili nikaziba kila kiungo kwa fomu ya kupuliza, lile povu linaloganda, kisha nailoni nzito juu yake, upande wangu wenye joto. Ukiiweka upande wa baridi, maji yanaingia kwenye mabamba na kubaki humo.

Kwangu umekauka, isipokuwa boliti moja ya rafu iliyopenya hadi kwa jirani. Chuma kinapitisha ubaridi, kwa hiyo bado inadondosha. Nimeitegea kopo.