CRP imepanda lakini ngozi inapona: dawa imeshindwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Kibirizi, Kigoma. Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, viwikoni, kwenye miundi na mgongoni. Niko wiki ya 10 ya methotreksati na magamba yamepungua sana. Ila majibu ya damu yamenitisha: CRP ilikuwa 7, sasa 46, ESR ilikuwa 30, sasa 52. Siku ya kupima nilikuwa na homa kidogo. Mwenzangu anasema dawa imegoma. Niache?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa sababu ya namba hizo tu, usiache. Hiyo homa uliyoitaja kwa kupita ndiyo ninayoishuku kwanza. Je, ulipimwa malaria siku ile? Kama hukupimwa na homa bado ipo, nenda leo.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapowaka kwa ndani. Haijui kama moto umewashwa na ngozi, malaria, jino bovu au kidonda cha patasi. Hupanda ndani ya saa chache, na chanzo kikiisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. ESR ni mzito zaidi: damu inasimamishwa kwenye mrija kwa saa 1, kisha tunasoma milimita ngapi chembe nyekundu zimeshuka. Hukawia kurudi chini, wakati mwingine wiki kadhaa, na upungufu wa damu peke yake huupandisha. Kwa hiyo rudia vipimo wiki 2 au 3 baada ya kupona homa, ndipo vilinganishwe na vile vya mwanzo.

Hata bila homa, soriasisi ya ngozi peke yake mara nyingi huacha CRP katika kiwango cha kawaida au juu kidogo tu, kama ile 7 yako. Ikiwa viungo vinauma, vidole vimevimba, au asubuhi mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, hapo CRP inapata uzito, na mweleze daktari wako mapema.

Kinachopima dawa ni ngozi. Kliniki tunatumia alama za PASI, kuanzia 0 hadi 72, tukitazama wekundu, unene, magamba na eneo lililoshikwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi huo wekundu huonekana kama zambarau au kijivu, na wengi hukosea hapa. Pitisha ncha ya kidole kutoka ngozi nzima hadi kwenye baka la kiwiko. Kidole kikipanda ukingo na kukwaruzwa, ugonjwa bado uko kazini. Kikiteleza sawasawa na kilichobaki ni weusi au weupe tu, hilo ni kovu la rangi. Litachukua miezi kufifia na haliongezewi dozi. Piga picha mahali palepale, kwenye mwanga uleule, kila baada ya wiki 4. Methotreksati hufanya kazi polepole, hukumu yake ya haki ni kuanzia wiki ya 16.

Sasa lililonifanya nikujibu haraka. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku moja uliyoichagua, kamwe si kila siku. Ukiwa na homa, ongea na kliniki kabla ya kumeza dozi ya wiki hiyo. Dukani usikubali Septrin (antibiotiki) wala SP (dawa ya malaria): zote, kama methotreksati, huzuia kazi ya folati, vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza damu, na zikikutana uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu. Malaria ikionekana, sema unatumia methotreksati, upewe dawa mseto. Na ukishawishiwa vidonge vya prednisoloni "kushusha CRP", kataa. Namba itashuka kweli, lakini ukiviacha vidonge hivyo soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima na kutoa usaha.

Ukirudia vipimo, omba na picha kamili ya damu pamoja na vipimo vya ini. Hivyo ndivyo vinavyokulinda na madhara ya dawa yenyewe.