Jibu: lithiamu na kimeng'enya cha IMPA1
Mdau wa Moshi, umeuliza lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, anayomeza shangazi yako inagusa nini hasa kwenye ubongo. Mshukiwa wa siku nyingi ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kinachotokana na jeni ya IMPA1, iliyoko kwenye kromosomu ya 8. Kazi yake ni kung'oa fosfeti ya mwisho iliyobaki kwenye inositoli (kemikali inayofanana na sukari), ili inositoli irudi kazini kupeleka ishara ndani ya seli. Ni kama soda pale Mbuyuni: usiporudisha chupa tupu, hupewi kreti nyingine. Kimeng'enya hiki hutegemea magnesiamu; lithiamu hukizuia, chupa zikakwama. Hiyo ni nadharia, wataalamu bado wanabishana. Ila shangazi asiruke kupima kiwango cha dawa kwenye damu, kikizidi ni sumu.