Ng'ombe 1,000, dozi 2,200

Siku moja nilikwama feri ya Likoni, Mombasa, na maboksi mawili ya barafu yenye chanjo ya mbuzi. Jua la saa saba, magari hayaendi mbele wala nyuma. Kila mara nafungua mfuniko, natia mkono. Tulipovuka, barafu ilishakuwa maji ya uvuguvugu, na mzee mmoja wa Mtongwe alikuwa amenipigia mara tatu: "Daktari, mbuzi nimewafunga tangu asubuhi, wanalia njaa." (Mimi si daktari, nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo. Lakini mtaani ukishashika sindano, basi.) Siku hiyo sikumdunga mbuzi hata mmoja. Kitabu cha stoo kilionyesha dozi 400 zimetoka.

Tangu hapo, kijana akiniuliza namna ya kukadiria akiba ya chanjo kwa ajili ya mlipuko wa ugonjwa, humwambia kwanza aache kuhesabu mifugo kisha kuandika namba ileile kwenye fomu ya kuagiza. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaishiwa katikati ya kazi.

Chukua ugonjwa wa miguu na midomo, ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kisauni na Jomvu wanaujua vizuri kuliko mimi. Tuseme ng'ombe mmoja mgonjwa anaambukiza wanne. Ili ugonjwa uzimike, watatu katika kila wanne lazima wawe na kinga, yaani 75 kwa kila 100. Hapo wengi huishia, nao wamekosea, kwa sababu kudungwa na kupata kinga ni mambo mawili. Kama chanjo inakinga 80 kati ya 100 waliodungwa, gawanya 75 kwa 80: unatakiwa kuwafikia kama 94 katika kila 100. Kwa ng'ombe 1,000 ni 940.

Bado. Ng'ombe ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi ya pili baada ya takriban mwezi, la sivyo kinga yake ni ya kupita tu. Sasa ni 1,880. Halafu kuna zinazopotea: chupa iliyovunjika, sindano iliyovuja, mtamba aliyerusha teke. Tukikadiria asilimia 15 inapotea, usiongeze asilimia 15 juu. Gawanya kwa 0.85. Utapata kama 2,200. Tofauti ya njia hizo mbili hapa ni dozi hamsini hivi, mtu anaweza kuidharau. Upotevu ukifika nusu, anayeongeza juu ataagiza mara moja na nusu ilhali alihitaji mara mbili.

Na nusu hufika, hasa mjini. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo (ugonjwa wa virusi uitwao pia PPR) huja kama unga, mara nyingi kichupa cha dozi 100, na ukishauchanganya na maji yake una saa chache tu. Huko kwenye ranchi za Taita Taveta, kichupa kimoja kinaisha kabla hujafuta jasho. Likoni una mbuzi sita kwa mama huyu, tisa kwa jirani, wengine wametolewa kwenda kula maganda sokoni na mwenyewe hajui watarudi saa ngapi. Jioni unamwaga. Ndiyo maana nasema kadirio la Mombasa lisinakiliwe kutoka kaunti ya wafugaji wa kuhamahama hata kama idadi ya mifugo ingelingana.

Muda wa kinga nao hubadilisha hesabu yote. Serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, watu wengi niliowasikia walidhani mzigo mkubwa ni wa mbuzi. Chanjo ya sotoka ya mbuzi, dozi moja, hukaa miaka mitatu au zaidi. Ya miguu na midomo hurudiwa kila miezi sita. Kwa miaka mitatu, ng'ombe hao peke yao ni dozi milioni 132, kabla ya kuhesabu dozi ya pili ya mwanzo, ilhali mbuzi na kondoo ni milioni 50 pamoja na wale watakaozaliwa.

Kuna jambo linaloweza kuifanya hesabu hii yote kuwa bure: aina ya virusi. Miguu na midomo si ugonjwa wa kirusi kimoja. Kenya zimeonekana aina za O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Friji iliyojaa chanjo ya O wakati SAT 2 ndiyo iliyoingia ni friji tupu. Peleka sampuli maabara kabla hujatoa chupa hata moja. Nchi tajiri huzunguka tatizo hili kwa kuhifadhi malighafi ya chanjo ya aina mbalimbali kwenye ubaridi wa naitrojeni kwa miaka, kisha hutengeneza chanjo kwa siku chache pale inapohitajika. Sisi wa friji ya kawaida, chupa ina tarehe yake, kwa hiyo akiba kubwa inayolala nayo ni hasara. Afadhali ndogo inayozunguka, na makubaliano na wenzako wa Kwale na Kilifi ya kuazimana.

Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, ndiyo iliyonifundisha kutazama mawingu. Milipuko ya 1997–98 na 2006–07 yote ilifuata mvua kubwa. Chanjo hai ya zamani (yenye virusi vilivyodhoofishwa) inaweza kuharibu mimba, na kudunga kundi ambalo tayari lina ugonjwa kunaweza kuhamisha virusi kwa sindano. Akiba ikifika baada ya mafuriko, iache kwenye friji. Oda ya ugonjwa huu huandikwa jua likiwa bado kali, wakati bosi anakuuliza pesa za nini.

Uliza pia mna mikono mingapi. Mimi na mwenzangu mmoja, kwa pikipiki, siku nzuri kabisa Mtopanga tulimaliza ng'ombe wachache tu zaidi ya sitini. Anzeni nje ya eneo lenye ugonjwa mkielekea ndani, maana kinga huchukua siku kadhaa kujengeka, na zizi ambalo tayari lina wagonjwa halitaisubiri.

Kitu cha mwisho ni Idi ya kuchinja. Wiki chache kabla, malori ya mbuzi kutoka Tana River na Garissa huingia mjini. Wengi wataliwa, hao usiwahesabu. Lakini kila mwaka wapo wanaobaki: jike lililoonekana lina mimba, beberu aliyempendeza mtoto wa nyumba. Wiki ya pili baada ya sikukuu mimi hupita na daftari mtaa kwa mtaa kuuliza nani amebakisha. Mwaka jana mzee yule wa Mtongwe alikuwa na wanne wapya, wamefungwa tayari mlangoni.